Ramani, hadithi ya kubofya, sauti, chumba cha 3D au ukuta: uchague ipi kuhifadhi siku za lokidauni?

Karibu kila mtu ana ile folda ya 2020. Skrinishoti za mikutano ya video, picha ya dirisha lilelile mara arobaini, voisi noti za kuulizana umeamkaje, daftari lenye kurasa tatu zilizoandikwa vizuri alafu zinazofuata ni vijistari tu vya kuhesabu siku. Wengi wetu hatujaifungua tangu hapo, na wanaoifungua sasa wanataka kuifanyia kitu, na sio albamu, sio insha, wanataka kitu ambacho mtu akikifikia anagusa, anaingia ndani, anaongeza cha kwake. Yaani sanaa shirikishi.

Shida inaanza pale pa kuchagua, maana njia ni nyingi na kila anayekushauri anakushauri ile anayoijua yeye. Mimi nimejaribu tatu kwa mikono yangu, moja ikanishinda kabisa (nitasema ipi), nyingine mbili nimezijua kama mgeni na kwa kuwasumbua maswali walioziandaa. Sitakwambia ipi ni bora kuliko zote kwasababu hakuna, ila nina msimamo mmoja na ndo nitautumia kuzipima zote.

Msimamo wenyewe ni huu: lokidauni ilikuwa ni kunyimwa. Sanaa shirikishi kwa kawaida inafanya kinyume, inampa mtu uhuru, bofya hapa, nenda kule, chagua rangi. Kwahiyo ukimpa mgeni wako uhuru wote huo ndani ya kazi inayohusu watu waliofungiwa ndani, atatoka anacheka, atasema nzuri sana, na hatakuwa amejua chochote kuhusu siku zile. Kwa kila njia mi nauliza kwanza mkono wa mgeni unafanya nini na unazuiwa wapi, teknolojia inakuja baadae kabisa.

Vigezo vyenyewe

Mkono wa mgeni, nimeshaueleza, na ndani yake kuna swali dogo la kifaa: simu ya kawaida yenye bando la kubana inaifungua au haiifungui?

Kinachobaki na kinachopotea. Kila njia ina inachokamata vizuri (mahali, muda, sauti, uamuzi, mwili) na ina inachokiacha kidondoke. Afadhali ujue mapema unadondosha nini.

Jasho, yaani kazi ya kuitengeneza, ya mikono na ya kuomba omba watu.

Siri za watu. Hiki wengi wanakiruka. Mtu alirekodiwa akiwa kwake ndani, hajajiandaa, nyuma yake mtoto analia au wazazi wanagombana. Kukutumia wewe kipindi kile haikuwa ruhusa ya kuwawekea watu wote.

Umri. Itafunguka miaka kumi ijayo? Hili sio swali la kinadharia, Adobe waliiua Flash (programu iliyokuwa inachezesha michezo na katuni za kubofya kwenye brauza) tarehe 31 Desemba 2020, mwaka uleule tuliokuwa ndani, na kazi za kubofya zilizotengenezwa kwa miaka zaidi ya ishirini zikageuka kisanduku cha kijivu, japo Ruffle, programu ya kuigiza Flash, imezifufua baadhi. Mtu aliyeweka shajara yake ya lokidauni kwenye Flash aliizika kabla mwaka haujaisha.

Jambo la pembeni linalohusu zote: usitake kuhifadhi kila kitu. WHO iliita korona janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na ikatangaza dharura ya kimataifa imeisha tarehe 5 Mei 2023, hizo ni siku 1,150 na hakuna mgeni atakayekaa na zote. Chagua wiki, chagua chumba, chagua mtu.

Ramani ya kuchangia

Mkono wa mgeni: anafungua ramani, anaona pini, anagusa moja inatokea picha au mistari miwili, na akitaka anaweka yake. Utamu wake ni kugundua kwamba wewe na mtu wa upande mwingine wa dunia mlikuwa mnakodolea ukuta saa ileile. Lakini kwenye kunyima ni dhaifu, maana unazungusha dunia nzima kwa kidole wakati mada ni watu wasioweza kuvuka mlango. Dawa ni kubadili ukubwa wa ramani. 2020 CityLab, tovuti ya habari za miji, waliwaomba wasomaji wachore kwa mkono ramani za maisha yao ya kufungiwa, na baadhi zilikuwa za ndani ya nyumba tu, kitanda, kiti, dirisha, na njia ya kutoka kimoja kwenda kingine. Ramani kama hiyo ukiifanya ya kubofya inakaba vizuri: mgeni anakuza, anakuza, alafu akitaka kurudisha nyuma aone mtaa, haikubali.

Kinachobaki ni mahali na wingi. Kinachopotea ni muda, kwasababu pini ya Aprili na pini ya Desemba zinafanana kabisa wakati mtu mwenyewe wa Aprili na wa Desemba hawakufanana. Weka kitelezi cha tarehe, sio cha kupuuza.

Jasho la kiufundi sio kubwa, Leaflet, zana ya kuweka ramani kwenye tovuti, ipo bure tangu 2011 na inakaa juu ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, bila shida. Jasho lipo kwenye kuomba watu wachangie. Ramani yenye pini sita inatia huruma, na ukishapata mia mbili lazima mtu azisome moja moja kabla hazijatoka maana wahuni hawakosi.

Siri: hapa kuna kosa nimeliona likirudiwa. Namba za mahali (latitudo na longitudo) zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta zinaonyesha ndani ya mita kama 11, hiyo ni nyumba ya mtu, karibu na mlango. Zikiwa mbili ni kama kilomita moja. Zikate ziwe mbili kabla hujazihifadhi (sio kabla ya kuzionyesha tu), na picha zifutie taarifa za mahali zinazojificha ndani ya faili.

Umri wa kati. Picha ya ramani inatoka kwenye seva ya wengine na siku moja wanaweza kuifunga, kwahiyo maneno ya watu yaweke pia kwenye jedwali la kawaida pembeni.

Inafaa kikundi: darasa, chama, ukoo uliotawanyika, watu wa kazi moja. Mtu mmoja peke yake aachane nayo, isipokuwa ile ya ndani ya nyumba.

Hadithi ya kubofya

Hii ni ile ya maandishi, unasoma aya, chini kuna linki mbili tatu, unachagua, hadithi inaendelea kulingana na ulichochagua. Chombo kinachojulikana zaidi ni Twine, kilianzishwa na Chris Klimas mwaka 2009, ni bure, na mwisho wa siku kinakupa faili moja tu la HTML.

Mkono wa mgeni: anachagua. Na hapo hapo ndo pa kumnyima. Nikwambie niliyotengeneza mimi. Siku ya kwanza mgeni ana linki nane, piga simu, osha vyombo, fungua dirisha, soma habari, na kadhalika, na ya mwisho ni "toka nje". Kila siku linki moja inapotea bila kuaga. Siku ya 7 zimebaki mbili tu, "lala" na "toka nje". Hiyo ya kutoka nje ipo kwenye kila ukurasa, ina rangi ya bluu kama wenzake, na ukiibofya inakurudisha palepale, aya ileile, kilichobadilika ni saa ya ukutani imesogea dakika moja. Nikampa binamu yangu aijaribu, baada ya muda akanipigia:

"We, kitu chako kimeharibika. Nabofya nje haiendi."

"Haijaharibika."

"Nimebofya mara kumi na moja!"

"Najua. Inahesabu."

Akanyamaza, alafu akasema "aaah", ile ndefu. Sijawahi kupata maoni mazuri kuliko hayo.

Kinachobaki ni uamuzi na mrundikano wa siku. Kinachopotea ni sura za watu na sauti zao, na wasiopenda kusoma nao umewapoteza kwenye aya ya pili. Ila kuna mtego mwingine mkubwa zaidi: matawi yanakuvuta ubuni. Mgeni akichagua njia ambayo wewe hukuipita, unaandika nini? Kama lengo ni kuhifadhi maisha na sio kutunga riwaya, weka alama, mi niliyoyaishi niliyaacha wima na ya kubuni nikayalaza italiki, na nikasema hivyo ukurasa wa kwanza.

Jasho: kuijua Twine kwa matumizi ya kawaida ni mchana mmoja, kuandika ndo wiki nyingi. Piga hesabu mapema, chaguo tatu kwa hatua tano tu zisipokutana popote ni miisho 243, utakufa unaandika. Fanya matawi yarudi kwenye shina kila baada ya hatua mbili, ambayo kwa lokidauni inaendana kabisa maana kila siku ilikuwa inaishia kwenye kitanda kilekile.

Siri: nyepesi kuliko zote tano. Unabadili jina, unachanganya watu wawili kuwa mmoja, basi.

Umri: mzuri. Hadithi ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata MB 1, inafunguka bila intaneti, unaiweka kwenye flashi, unaituma kwa baruapepe, na programu za kuwasomea wasioona zinaisoma bila kugoma. Simu ya kizamani pia inaiweza.

Inamfaa mtu mmoja mwenye daftari na asiye na hela ya seva. Inamfaa pia aliyepitia jambo zito ambalo hataki kuonyesha uso wake.

Maktaba ya sauti

Nianze na kitu ambacho kila nikikikumbuka nashangaa: 2020 dunia yenyewe ilinyamaza, na sio kwa maneno ya kishairi. Vipima tetemeko vilionyesha mtikisiko unaosababishwa na shughuli za binadamu umeshuka hadi kufikia asilimia 50 sehemu na sehemu, wanasayansi wakachapisha kwenye jarida la Science mwaka huohuo. Kwahiyo sauti, na hasa sauti ya ukimya, ni ushahidi halali wa kipindi kile. Mradi wa Cities and Memory ulikusanya sauti za lokidauni kutoka nchi nyingi na ukazipanga kwenye ramani, ukisikiliza nyingi unaona watu wengi walirekodi kitu kilekile bila kuambiana, yaani ndege na dirisha lililo wazi.

Mkono wa mgeni: usimwekee kitufe cha kucheza na kusimamisha kama redio. Mwekee cha kushikilia. Akibonyeza na kushikilia anasikia, akiachia inakatika hapohapo katikati ya neno, na akirudi inaanza mwanzo. Ni kama zile simu za kukatika katika tulizoishi nazo. Mkono unachoka, sikio linalazimika kuchagua, na mtu anagundua kwamba kumsikiliza mtu hadi mwisho ni kazi.

Kinachobaki: pumzi, ukubwa wa chumba (mwangwi hausemi uongo), mtu wa pembeni anayepita na ndala. Kinachopotea: nani, lini, kwanini. Rekodi isiyo na tarehe na mstari mmoja wa maelezo baada ya miaka mitano ni kelele, hata wewe mwenyewe hutakumbuka.

Jasho: kurekodi kumeshafanyika, kazi ni kukata. Nilikuwa na rekodi za saa sita nikabakiza dakika kumi na nne na bado watu walisema ndefu. Kuna jambo la kiufundi linaloliza wengi, Chrome tangu 2018 hairuhusu tovuti ianze kutoa sauti yenyewe kabla mtu hajagusa popote, na brauza nyingine nazo zina utaratibu wao wa namna hiyo, kwahiyo mgeni anaona ukurasa kimya anadhani imekufa anaondoka. Weka ukurasa wa mbele wenye neno moja tu la kugusa. Uzito sio mbaya, dakika moja ya MP3 kwa kbps 64 ni kama nusu MB. Na andika maneno yote chini kwa ajili ya wasiosikia, hii sio hisani, ni sehemu ya kazi.

Siri: nzito kuliko zote. Sauti ya mtu ni kama sura yake, huwezi kuibadilisha bila kuiharibu. Rudi kwa kila mtu umuombe upya, mchezeshee kile kipande chenyewe na sio maelezo ya kipande, maana kuna dada alinikubalia haraka haraka kwa maneno, nilipomchezeshea akasikia anavyolia akasema hapana, na alikuwa na haki. Na walio nyuma ya rekodi nao ni watu. Watoto, waache.

Umri: mzuri ukijipanga. WAV (faili kubwa lisilobanwa) ya kutunza, MP3 ya kuonyesha, na jina la faili lianze na tarehe.

Inamfaa mwenye voisi noti nyingi za watu wanaomwamini. Wazee pia, wengi hawataandika lakini wataongea.

Chumba cha 3D

Ndo iliyonishinda, kwahiyo nitajitahidi kuitendea haki.

Mkono wa mgeni: anatembea. Anaingia chumbani, anasogelea meza, anagusa kikombe kinamwambia kitu, anaenda mlangoni na mlango haufunguki. Kwenye kunyima hakuna njia inayoigusa hii, kwasababu mwili unaelewa ukubwa wa chumba kabla akili haijaambiwa. Aliyevaa miwani ya VR akageuka nyuma akakuta ukuta upo hatua mbili, huyo huna haja ya kumweleza.

Kinachobaki ni ukubwa, mpangilio, mwanga wa saa kumi jioni ulivyokuwa unaingia. Kinachopotea ni watu. Vyumba vya 3D vinakuwa vitupu kama vya maonyesho ya fanicha, na vikiwa na watu wa kuchora vinatisha.

Jasho: jamani. Blender ya kuchorea 3D ni bure, A-Frame ya kuiweka kwenye tovuti ni bure, na baadhi ya simu tangu mwishoni mwa 2020 zina kihisi cha LiDAR cha kuskani chumba, kwahiyo vifaa vipo. Lakini mi nilitumia wiki tatu kwenye taa ya mezani, taa tu!, na nilipomaliza chumba kizima simu za watu zikawa zinapata moto kama pasi kabla hakijafunguka. Walioingia hadi ndani ni watatu. Kosa lilikuwa langu, nilitaka kifanane na picha wakati kumbukumbu haifanani na picha. Ningekifanya cha kuta za rangi moja na vitu vitano tu vinavyogusika, kingefunguka, na nadhani kingesema zaidi.

Siri: watu hawaifikirii kwa chumba kisicho na mtu, lakini angalia ukutani, kuna karatasi gani? Bahasha yenye jina? Dirishani kunaonekana jengo gani? Skani inabeba vyote hivyo bila kukuuliza.

Umri: mbaya kuliko zote. Mozilla Hubs, iliyotumiwa na wengi kujengea vyumba vya kukutania kipindi kilekile, Mozilla waliifunga tarehe 31 Mei 2024. Ukienda njia hii weka modeli kwenye faili la GLB (aina ya faili la kutunzia 3D) mikononi mwako, alafu rekodi video ya mtu anatembea humo mwanzo mwisho, siku moja hiyo video ndo itakuwa kazi yenyewe.

Inamfaa anayejua 3D tayari, au mwenye mwenzake anayejua, na mwenye ukumbi ambako mgeni anakuta kifaa kimeshawashwa.

Ukuta, meza, kitu cha kushika

Sio kila kitu lazima kiwe kwenye skrini, na baada ya miaka ile ya kuishi kwenye skrini kuna watu hawataki hata kuiona.

Mkono wa mgeni: anaandika, anabandika, anapaka. London, ng'ambo ya mto kutoka Bungeni, kuna ukuta ulioanza kuchorwa mioyo myekundu mwishoni mwa Machi 2021, moyo mmoja kwa kila aliyefariki, na ndugu wanaandika majina ndani yake. Washington mwaka huohuo, msanii Suzanne Brennan Firstenberg alisimamisha bendera nyeupe zaidi ya 600,000 kwenye uwanja wa National Mall, watu wakawa wanakuja kuandika juu ya bendera ya mtu wao na walio mbali wakituma maneno kwa tovuti wakaandikiwa. Rafael Lozano-Hemmer naye alitengeneza mashine inayochora sura ya marehemu kwa mchanga kutokana na picha iliyotumwa na ndugu, ikikamilika mchanga unamwagika na huohuo unachora sura ya mwingine. Hizi tatu ni za kuwakumbuka waliokufa, sio za maisha ya ndani, najua, ila kwa maisha ya ndani utaratibu ni uleule: meza moja ya ukubwa wa ile uliyofanyia kila kitu, na mgeni anaandika juu yake alichokuwa anakifanya kwenye yake. Kiti kimoja tu. Wa pili anasubiri mita mbili nyuma, kwenye alama ya sakafuni.

Kinachobaki ni mwandiko, na kule kuwepo kwa watu mahali pamoja, ambako ndo tulinyimwa. Kinachopotea ni kila asiyeweza kufika.

Jasho ni la mwili na la vibali. Siri ni rahisi kiasi kwasababu mtu anaandika mwenyewe, akijua, ila usiruhusu aandike majina kamili ya wengine. Umri unategemea wenye mikono: ule ukuta wa London rangi ya mwanzo ilififia na watu wa kujitolea wakawa wanarudi kupaka upya. Piga picha kila siku, sio siku ya mwisho tu.

Inafaa shule, maktaba, kikundi chochote chenye sehemu na mtu wa kukaa pale.

Sasa uchague vipi

Uko peke yako, una daftari, huna hela: hadithi ya kubofya. Ukishaimaliza unaweza kupachika rekodi mbili za sauti, zisizidi hapo, maana kuchanganya kunanoga hadi pale kazi inapokuwa kabati.

Una voisi nyingi lakini wenye sauti huwapati tena kuwaomba: usiweke sauti. Zisikilize, andika ulichosikia kwa maneno yako, upeleke kwenye hadithi bila majina.

Mko wengi mliotawanyika: ramani, na mteue mtu mmoja wa kusoma michango, anayekubali kuwa mbaya. Mko wengi sehemu moja: meza au ukuta, na ramani muiache.

Unachokumbuka zaidi ni ukubwa wa chumba, mlikuwa watu watano vyumba viwili au mmoja kwenye kimoja: 3D kama una mtaalamu, na kama huna chora mstari wa chaki sakafuni wenye vipimo halisi vya chumba, mwambie mgeni akae ndani dakika kumi. Sitanii, ni rahisi na inafanya kazi ileile.

Wageni wako wengi wana simu ndogo na bando la mawazo: hadithi kwanza, sauti pili, 3D sahau.

Unataka iwepo wajukuu wakikua: hadithi, au sauti yenye maandishi. Na vyovyote utakavyochagua, peleka nakala ya malighafi kwenye hifadhi inayopokea michango ya watu, kama A Journal of the Plague Year iliyoanzishwa Arizona State University Machi 2020 (uliza kwanza kama bado inapokea), au kwenye maktaba yoyote itakayokukubalia.

Na kama ulichonacho ni rekodi moja tu, sekunde ishirini, na aliyeongea hayupo tena, usianze na Twine wala ramani wala chochote. Toa nakala tatu leo, moja kwenye flashi, moja kwenye akaunti yako ya mtandaoni, ya tatu mpe ndugu yake. Alafu umuulize huyo ndugu kama yeye angependa watu wengine waisikie.